Mshauri wa biashara anayefuata takwimu: kazi yake ni nini, na inakuhusu vipi?

Saa moja asubuhi, mteja anaingia dukani. Anataka sukari nusu kilo na kiberiti, na mkononi ana noti kubwa. Mwenye duka anavuta droo, anakuta sarafu mbili tatu. "Samahani, chenji sina." Mteja anatoka, anavuka barabara, ananunua duka la pili. Jioni mwenye duka anahesabu pesa alizopata. Zile alizozikosa hazimo kwenye droo, kwa hiyo hakuna anayezihesabu.

Watafiti Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson waliamua kuzihesabu. Walifuatilia biashara ndogondogo nchini Kenya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Walikadiria kwamba kwa wastani biashara moja ilikuwa ikipoteza asilimia 5 hadi 8 ya faida yake yote kwa kukosa chenji tu. Yaani katika kila shilingi 100 za faida, shilingi 5 mpaka 8 zilikuwa zinatoka nje na mteja mlangoni.

La kushangaza zaidi ni lililofuata. Kundi moja la wafanyabiashara halikupewa mkopo wala mafunzo. Walitembelewa kila wiki na kuulizwa: wiki hii umepoteza mauzo mangapi kwa kukosa chenji? Kuulizwa huko kulitosha kuwafanya waanze kuweka chenji mapema, na mauzo yaliyokuwa yakipotea yakapungua.

Hiyo ndiyo kazi ya mshauri wa biashara anayefuata takwimu, kwa ufupi kabisa. Anauliza swali ambalo mwenye biashara hajajiuliza, anatafuta hesabu ya jibu, kisha anasaidia kubadilisha jambo moja. Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo inafanyikaje, ina ugumu gani, lini inasaidia na lini inapotosha, na unavyoweza kuianza mwenyewe kwa daftari na simu uliyonayo.

Huyu mshauri ni nani hasa?

Katika matangazo ya zabuni na nafasi za kazi utamkuta akiitwa "mshauri elekezi". Ni mtu wa nje anayelipwa kwa muda ili aitazame biashara, ushirika, kiwanda au mradi, aseme tatizo liko wapi na nini kifanyike. Anayefuata takwimu ni yule ambaye haanzi na maoni yake. Anaanza na kumbukumbu: daftari la mauzo, stakabadhi, taarifa ya miamala ya simu, rekodi za stoo na vipimo vya mizani.

Usimchanganye na watu wengine wawili. Mkaguzi wa hesabu anaangalia kama vitabu vyenu ni sahihi na kama sheria imefuatwa. Bwana shamba au bibi shamba anashauri juu ya mazao na mifugo. Mshauri wa takwimu anauliza jambo jingine: kwa hesabu hizi zilizopo, pesa inavujia wapi, na tukibadilisha kitu fulani, tutajuaje kama kimesaidia?

Wengine wameajiriwa na kampuni kubwa mijini, wengine wanafanya kazi peke yao, na wengine wako ndani ya miradi ya wafadhili inayofika vijijini. Ukiwa mwanachama wa ushirika wa mazao, kikundi cha kuweka na kukopa au kituo cha maziwa, huenda siku moja mmoja wao atakaa mbele yako na kuomba daftari lako.

Kazi hii ilikotoka

Kutumia hesabu katika biashara hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1899 kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, nchini Ireland, kilimwajiri kijana aliyeitwa William Gosset. Moja ya maswali yaliyomkabili lingeeleweka na mkulima yeyote: ukijaribu mbegu mbili za shayiri kwenye mashamba machache tu, utajuaje kama moja ni bora kweli, au imebahatika msimu huu?

Mwaka 1908 alichapisha njia ya kukokotoa jibu pale vipimo vinapokuwa vichache. Hakutumia jina lake, alijiita "Student", na njia hiyo inafundishwa vyuoni mpaka leo. Funzo lake kwa mfanyabiashara ni jepesi: wiki moja nzuri haijathibitisha kitu, na wiki moja mbaya pia.

Mfano: maziwa yanayopotea

Ili kuona kazi yenyewe, tuchukue mfano wa kufikirika wa kituo cha kukusanyia maziwa cha ushirika. Kituo chenyewe ni cha kubuni, lakini kipimo kilichofichua tatizo ni cha kweli, na unaweza kukijaribu mwenyewe.

Kila asubuhi wafugaji wanaleta maziwa, yanapimwa, yanaandikwa, kisha yanapakiwa kwenye gari hadi kiwandani. Kila siku kiwanda kinaandika kiasi pungufu kuliko kilichopokelewa kituoni. Uongozi umeamua kwamba kijana anayesindikiza maziwa anayauza njiani. Wameshaanza kumkata mshahara, na wako karibu kumfukuza. Kabla ya hapo wanamwita mshauri.

Hatua ya kwanza ni swali. Mwenyekiti anamwambia: "Tunataka utusaidie kumkamata mwizi." Mshauri mzuri halipokei swali hilo kama lilivyo, kwa sababu jibu limeshawekwa ndani yake. Analigeuza kwa adabu: "Mzee, tuanze na hili: kila siku yanapungua kiasi gani, na yanapungua lini?" Swali la pili linaweza kumpata mwizi kama yupo. La kwanza litampata mtu hata kama mwizi hayupo.

Hatua ya pili ni kukusanya. Mshauri anachukua daftari la kupokelea maziwa, hati za kiwanda na malipo ya miezi mitatu. Pia anaamka saa kumi alfajiri na kwenda kusimama kando ya mizani, kwa sababu karatasi haisemi kila kitu.

Hatua ya tatu, nayo ndiyo inayokula siku nyingi, ni kusafisha kumbukumbu. Jina la mfugaji mmoja limeandikwa kwa namna tatu. Kurasa mbili zimelowa mvua. Kuna siku ambayo 41 imeandikwa 14. Kuna Jumapili ambazo hazikuandikwa, na hakuna anayekumbuka kama maziwa yalipokelewa. Mshauri hajazi pengo kwa kubahatisha. Anaweka alama kwamba hapa hakuna taarifa, kisha anaendelea. Wanaodhani kazi hii ni kukaa na kompyuta wakichora michoro ya rangi wanashangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya muda ni kusoma mwandiko wa watu wengine.

Hatua ya nne ni kutazama hesabu zinavyojipanga. Mshauri anapanga siku kwa ukubwa, na picha hii inajitokeza:

- Siku daftari linapoonyesha 300, kiwanda kinapokea 291. Pungufu ni 9.
- Siku daftari linapoonyesha 400, kiwanda kinapokea 388. Pungufu ni 12.
- Siku daftari linapoonyesha 500, kiwanda kinapokea 485. Pungufu ni 15.

Itazame vizuri. Katika kila 100 yanapungua 3, iwe siku ndogo au siku kubwa, awepo kijana yule au siku aliyokuwa mgonjwa akasindikiza mwingine. Mwizi haibi kwa uwiano uliopimwa namna hiyo. Anayechota dumu moja atachota dumu lilelile siku ya maziwa mengi na siku ya maziwa machache.

Jibu lilikuwa kwenye mizani. Daftari la kituo lina safu iliyoandikwa "lita", lakini mizani inasoma kilo, na karani amekuwa akiandika kilo kana kwamba ni lita. Kiwandani wanapima kwa mita inayosoma lita. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa takribani kilo 1.03, kwa hiyo kilo 400 za maziwa ni kama lita 388. Lita 12 za kila siku hazikuibwa. Hazijawahi kuwepo.

Baada ya jibu, kazi ngumu inaanza

Mtu angedhani hapo kila mmoja anafurahi. Kwa kawaida haiwi hivyo.

Kama ushirika unawalipa wafugaji shilingi 1,000 kwa "lita", basi kila siku ya kilo 400 umelipia lita 12 ambazo haukuzipokea. Hiyo ni shilingi 12,000 kwa siku, na shilingi 360,000 kwa mwezi wa siku 30. Ukiirekebisha hesabu, mfugaji aliyezoea kulipwa lita 10 ataambiwa maziwa yake ni lita 9.7. Mfugaji huyo hajadanganya mtu, na ng'ombe wake ni walewale. Kwake yeye, amekuja mgeni na kompyuta na kumpunguzia kipato.

Kuna njia zaidi ya moja ya kutoka hapo. Ushirika unaweza kugeuza kilo kuwa lita kwenye kila stakabadhi. Unaweza pia kulipa kwa kilo waziwazi na kutangaza bei ya kilo. Au unaweza kuamua kubeba tofauti hiyo kwa msimu mmoja huku ukipunguza gharama nyingine. Mshauri anaweka hesabu ya kila njia mezani, lakini uamuzi ni wa wanachama katika mkutano wao. Mshauri anayewaamulia wenye mali amevuka mpaka wa kazi yake.

Halafu yupo kijana. Ameshakatwa mshahara, na kijijini ameshaitwa mwizi. Hesabu zimemsafisha, lakini hesabu hazimrudishii pesa wala haziombi radhi. Hayo lazima yafanywe na watu. Mshauri mwenye utu anaandika katika ripoti yake, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba hakuna ushahidi wowote dhidi ya mfanyakazi huyo. Kuliacha jambo hilo lieleweke lenyewe kungemwacha na jina baya.

Vilevile mshauri anatakiwa kuwa mkweli kwa upande wa pili. Siku moja kati ya zile hesabu zilionyesha pungufu ya 31, mbali na kawaida. Hiyo haielezwi na mizani. Mshauri anaifuata hadi kiwandani na kukuta hati: dumu moja lilikataliwa kwa sababu maziwa yalikuwa yamechacha. Sababu moja ikishaeleza siku nyingi, ni rahisi kuilazimisha ieleze siku zote.

Maisha ya kazi yenyewe

Wanaofanya kazi hii hukutana na mambo yanayofanana, wawe Nairobi, Mwanza au London.

La kwanza ni kutoaminiwa. Mtu wa nje anapoomba daftari, watu hudhani ametumwa na mamlaka ya kodi au amekuja kupunguza wafanyakazi. Wakati mwingine hawajakosea, kwani ziko kampuni zinazomwita mshauri ili aandike ripoti ya kuhalalisha uamuzi uliokwisha fanywa. Mshauri anayejiheshimu huuliza mapema: hesabu zikionyesha tofauti na mnavyotarajia, mtafanya nini? Jibu la swali hilo linamwambia kama apokee kazi au aiache.

La pili ni kwamba anayejua tatizo mara nyingi yupo tayari. Ni karani, mpakiaji au mama anayefagia stoo. Aliwahi kusema, hakusikilizwa. Mshauri anayeketi na watu hawa mapema huokoa wiki nzima za kazi. Anayewapita na kwenda moja kwa moja ofisini hukosa hata maana ya hesabu alizobeba. Katika mfano wetu, karani angeulizwa tu "mizani hii inasoma nini?" jibu lingepatikana siku ya kwanza.

La tatu ni kipato kisichotabirika kwa anayejitegemea. Kazi inakuja kwa mikataba, kuna miezi miwili ya mbio na miezi mingine ya kusubiri simu. Malipo yanaweza kuchelewa baada ya ripoti kukabidhiwa.

La nne ni ripoti kuishia kabatini. Mshauri anaondoka, jedwali linafungwa, na mambo yanarudi yalivyokuwa.

Je, ushauri wa namna hii unalipa?

Swali hili lilijaribiwa kwa kipimo nchini India. Kuanzia mwaka 2008, watafiti wakiongozwa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford walichagua viwanda vya nguo karibu na mji wa Mumbai. Baadhi vilipewa washauri bure kwa miezi mitano, vingine vilipewa mwezi mmoja tu wa uchunguzi ili kulinganisha. Ushauri wenyewe ulikuwa wa mambo ya kawaida: kuandika kasoro za kitambaa kila siku, kuhesabu nyuzi zilizoko stoo, kufanyia mashine matengenezo kabla hazijaharibika, na kukaa kikao kifupi kutazama hesabu hizo.

Katika mwaka wa kwanza, tija ya viwanda vilivyosaidiwa iliongezeka kwa asilimia 17. Watafiti waliporudi miaka kadhaa baadaye, walikuta karibu nusu ya utaratibu mpya umeachwa, hasa pale meneja alipobadilika au mwenye kiwanda alipokosa muda wa kufuatilia. Hata hivyo viwanda hivyo vilikuwa bado mbele ya vile vingine.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, unaweza kulipa. Lakini kinacholipa ni mazoea yanayobaki baada ya mshauri kuondoka, kama vile kuandika kila siku na kutazama kila wiki.

Je, simu yenyewe inaweza kuwa mshauri? Hilo nalo limejaribiwa Kenya, kwa wafanyabiashara wadogo waliopewa mshauri wa akili mnemba kupitia WhatsApp. Kwa wastani hakukuwa na tofauti kubwa. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walinufaika, lakini waliokuwa wakihangaika walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Ushauri wa jumla unahitaji mtu wa kuuchuja, na ukiutumia wote bila kupima, unaweza kukugharimu.

Hesabu nazo hupotosha

Takwimu hazidanganyi kwa makusudi, lakini zinaweza kusomwa vibaya. Makosa matatu hujitokeza sana.

Wastani unaficha. Duka likiuza 90,000 siku ya gulio na 10,000 siku nyingine sita, wastani wake ni kama 21,400 kwa siku. Hakuna hata siku moja duka hilo linauza 21,400. Ukipanga bidhaa kwa wastani huo, siku ya gulio utaishiwa, na siku nyingine nyanya zitakuozea.

Kutangulia si kusababisha. Ulipaka duka rangi mwezi wa Juni, na Julai mauzo yakapanda. Je, ni rangi? Au Julai ni mwezi wa mavuno na kila mtu ana pesa? Linganisha na Julai ya mwaka jana, au na duka la jirani ambalo halikupakwa rangi.

Kinachomfaa mmoja hubadilika kikifanywa na wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya. Wengi wao huuza bei ikiwa chini wakati wa mavuno, kwa sababu wanahitaji pesa ya karo na madeni, kisha hununua mahindi bei ikiwa juu. Waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuhifadhi na kuuza baadaye kwa faida. Lakini katika maeneo ambako wakulima wengi walipewa mkopo huo, tofauti ya bei kati ya misimu ilipungua, na faida ya kila mkopaji ikapungua nayo. Walionufaika hapo ni pamoja na majirani ambao hawakukopa kabisa. Ushauri uliokuwa kweli kwa mtu mmoja haukuwa na uzito uleule kwa soko zima.

Taarifa zako ni zako

Kila muamala wa simu unaacha alama. Tangu mwaka 2012, huduma ya M-Shwari nchini Kenya imekuwa ikitumia historia ya mteja ya simu na miamala kuamua akopeshwe kiasi gani, na huduma nyingi zimefuata njia hiyo katika ukanda wetu. Kwa hiyo takwimu zinatumika kukuamulia hata kama hujawahi kukutana na mshauri yeyote.

Sheria ipo. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa za watu za mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ipo Tume ya kuisimamia. Kenya ina Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa msingi wa sheria hizi, anayechukua taarifa zako anapaswa kukueleza anazichukua kwa kazi gani, na asizitumie kwa jambo jingine bila msingi wa kisheria.

Mtu akija kwenye kikundi chenu kuomba madaftari, mna haki ya kuuliza maswali haya kabla ya kuyatoa:

- Nani amekutuma, na nani anakulipa?
- Taarifa zetu zitakaa wapi, na nani ataziona?
- Majina na namba zetu za simu zinahitajika kweli, au hesabu bila majina zinatosha?
- Utaturudishia matokeo lini, na kwa lugha gani?

Swali la mwisho msiliache. Vikundi vingi vimeshahojiwa mara nyingi, na havijawahi kuambiwa kilichopatikana.

Kumtambua mshauri wa kweli

Mtilie shaka anayekuahidi faida kabla hajaona daftari. Mtilie shaka anayedai malipo yote mbele, anayekataa kueleza alivyopata hesabu yake, au anayetaka namba ya siri ya simu yako au ya akaunti. Hakuna kazi ya ushauri inayohitaji namba ya siri.

Mshauri wa kweli anasema "sijui bado". Anaandika makubaliano: atafanya nini, kwa muda gani, kwa kiasi gani. Anakuja mahali kazi inapofanyika. Anaanza na badiliko dogo linaloweza kupimwa na kurudishwa likishindikana. Na akiondoka, kuna mtu wenu mmoja anayejua kuendelea na hesabu bila yeye.

Kijana anayetaka kuifanya kazi hii asikate tamaa kwa kuona wengi wamesoma uchumi, hesabu au takwimu vyuoni. Elimu hiyo inasaidia sana, na ujuzi wa programu za majedwali ni wa lazima. Lakini unaweza kuanza kwa kushika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, ukajifunza kuandika kwa usahihi, kujumlisha kwa mwezi, na kueleza hesabu mkutanoni hadi bibi aliye nyuma kabisa aelewe. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi wenye shahada.

Anza na daftari lako

Huhitaji kumwajiri mtu ili kuanza. Chukua daftari, au sehemu ya kuandikia iliyo kwenye simu yako, na kwa wiki nne andika mambo manne kila siku:

1. Ulichouza, kwa shilingi.
2. Ulichotumia, ukiwemo unga, sabuni au mafuta uliyochukua dukani kwa matumizi ya nyumbani.
3. Uliyemkopesha, na aliyelipa.
4. Mteja uliyemkosa, na sababu: hakukuwa na chenji, bidhaa ilikuwa imeisha, bei ilimshinda, au duka lilikuwa limefungwa.

Usiandike kwa kukumbuka mwisho wa wiki, andika siku hiyohiyo. Tumia kipimo kimoja. Kama ni kilo, iwe kilo kila mahali, na kama ni debe, debe moja lilelile. Wiki ya nne ikiisha, keti na mtu unayemwamini, mpitie ukurasa kwa ukurasa, mkitafuta kinachojirudia.

Kisha badilisha jambo moja tu. Ukibadilisha matatu kwa pamoja na mauzo yakapanda, hutajua lipi lilisaidia. Andika wiki nne nyingine, ulinganishe.

Huenda utakuta tatizo ni lile ulilolishuku tangu zamani. Huenda utakuta ni jambo dogo kama droo isiyo na sarafu saa moja asubuhi. Na huenda, kama katika kile kituo cha maziwa, utakuta mtu uliyekuwa ukimshuku hajakukosea chochote. Kwa sababu hiyo peke yake, inafaa kuhesabu kabla ya kumnyooshea mtu kidole.